Sura ya 6: Uzi Unaounganisha Majina Yako

Tuchukue mwalimu wa shule ya msingi mjini Morogoro. Asubuhi ni Madam, anafundisha darasa la tano. Jioni ni muuza viungo vya pilau, anapokea oda kwa simu na kumkabidhi bodaboda vifurushi. Usiku, watoto wakishalala, anaandika kwa jina la kubuni habari za ndoa aliyoikimbia, na wanawake wasiomjua humwandikia pembeni wakiuliza waanzie wapi. Hajaweka picha. Hajataja mtaa wala shule. Wiki ya tatu, wifi yake wa zamani anafungua simu na kuukuta ukurasa ule ule, umepangwa katika orodha ya watu ambao mtandao unadhani huenda anawafahamu.

Mwalimu huyu nimemtunga mimi. Njia iliyomfichua sikuitunga.

Alipokuwa akifungua akaunti ile, aliombwa namba ya simu akaandika ile anayoitumia miaka yote. Wifi naye hakuwahi kuifuta namba hiyo kwenye simu yake, hata baada ya talaka. Siku moja aliposhusha programu ya mtandao ule, kiliibuka kisanduku kikiomba ruhusa ya kusoma namba alizohifadhi, akabonyeza kukubali ili aendelee na yake. Orodha yake yote ikanakiliwa na kupelekwa kwenye kompyuta za kampuni: fundi bomba, mchungaji, dada wa mboga, na mke wa zamani wa kaka yake. Huko namba zililinganishwa na namba zilizofungulia akaunti. Mbili zikalingana. Mtandao ukadhani unawakutanisha marafiki.

Aliyetoa ruhusa ni wifi, siyo mwalimu. Hapa ndipo ushauri mwingi tunaopewa unapopwaya. Tunaambiwa tuchunge tunachoandika na tufunge mipangilio ya akaunti zetu, na hayo ni mema, lakini siri yako haikai kwenye simu yako peke yake. Imetawanyika katika simu za kila aliyewahi kuhifadhi namba yako, nawe hukuulizwa wala hutaulizwa siku watakapobonyeza kukubali.

Aprili 2021 zilimwagwa hadharani taarifa za watumiaji milioni 533 wa Facebook, namba za simu zikiwamo. Kampuni ilieleza kwamba zilikombwa kabla ya Septemba 2019 kupitia kifaa kilichowekwa ili watu watafute marafiki kwa namba. Wakombaji walipakia namba nyingi mno, na kila yenye akaunti ikajibu. Novemba 2022 mamlaka ya ulinzi wa data ya Ireland iliitoza kampuni mama, Meta, faini ya euro milioni 265. Mwaka huo huo Twitter ilikiri kosa lililowagusa moja kwa moja wenye majina ya kubuni: mtu aliweza kuingiza namba au baruapepe akaambiwa ni ya akaunti gani. Taarifa za akaunti takriban milioni 5.4 zilikutwa zikiuzwa. Kampuni yenyewe iliwashauri watu wa namna hiyo wasiweke kwenye akaunti namba wala baruapepe inayojulikana hadharani. Ushauri mzuri, uliokuja nyumba ikiwa imeshavunjwa.

Kuna lililoniuma zaidi. Watu waliotoa namba zao kwa ajili ya usalama, ili watumiwe meseji ya kuthibitisha kwamba ni wao, waligundua kwamba namba hizo zilitumika pia kuwalenga kwa matangazo. Lilikuwa miongoni mwa makosa yaliyotajwa Marekani ilipoitoza Facebook faini ya dola bilioni 5 mwaka 2019, na ndilo lililoigharimu Twitter dola milioni 150 mwaka 2022. Ukimpa mlinzi ufunguo akaukodisha, siku nyingine utaogopa hata kufunga mlango. Ndiyo maana nashauri uthibitisho wa hatua mbili ufanywe kwa programu inayozalisha tarakimu ndani ya simu yako, isiyohitaji namba ya mtu yeyote.

Nyuma ya haya yote kuna imani. Mark Zuckerberg alimweleza mwandishi David Kirkpatrick, katika kitabu kilichotoka 2010, kwamba mtu kuwa na utambulisho zaidi ya mmoja ni dalili ya kukosa uadilifu. Nimelifikiri neno hilo mara nyingi, na kila mara naliona limetoka kwa mtu ambaye hajawahi kuishi na mashemeji. Kwetu mtu mmoja huitwa Mama Asha na majirani, Madam na wanafunzi, jina la utotoni na bibi yake, na lakabu kwenye taarabu, na hakuna anayemwita mwongo. Tazama nyumba za mawe za Lamu. Nje kuna daka, ambapo mgeni wa kawaida huketi na mazungumzo yakaishia hapo. Ukikaribishwa unapita tekani, ukumbi wa kuingilia, na njia imepindishwa makusudi ili macho ya barabarani yasifike kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani. Ndipo hufuata misana, vyumba virefu vya kukaa, kisha ndani, chumba cha faragha. Aliyejenga vile hakuwa na la kuficha kwa maana ya uovu. Alijua tu kwamba muuza samaki na mkwe hawastahili kuona kitu kimoja.

Huku kwetu Tanzania namba ya simu ina kasoro ambayo vitabu vya Ulaya havitakuambia. Chukua namba yoyote iliyobandikwa kwenye ukurasa wa biashara, anza kuitumia shilingi 1,000 kwa simu. Kabla hujaweka namba ya siri, kioo kinakuandikia jina kamili la mwenye laini, kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa. Ghairi. Pesa yako umebaki nayo, na jina umelipata. Utaratibu huu ni mzuri, unatuepusha kutuma pesa kwa mtu siye. Lakini mwalimu wetu, akiandika namba yake chini ya picha ya iliki na mdalasini, ameshaandika na jina lake. Anayefanya biashara achukue lipa namba, iliyoandikishwa kwa jina la biashara, na hiyo ndiyo aitangaze.

Nije kwenye kazi yenyewe, na mpangilio wake ndio siri yake. Kuta hujengwa kabla ya kuhamia. Anza na baruapepe mpya, ambayo haikufunguliwa kwa namba ya zamani wala haikuwekewa hiyo kama namba ya akiba. Kisha laini mpya, usajili wako mwenyewe, kwa alama zako za vidole. Anayekuambia utumie laini ya mtu mwingine anakuingiza matatani. Piga *106# uhakikishe laini zilizo chini ya kitambulisho chako ni zako kweli. Laini hiyo mpya usimpe mtu, hata dada yako. Usiiingize kwenye kundi la wazazi, ambako kila mwanakikundi anaiona. Iweke kwenye kitochi kabatini, na uiongezee salio mara kwa mara, kwa sababu laini iliyolala muda mrefu hufungwa na kuuzwa kwa mwingine, naye anaweza kuomba meseji ya kufungua akaunti yako.

Programu ikikuomba ruhusa ya namba ulizohifadhi, kataa. Usiingie kwenye akaunti zote mbili kupitia programu moja kwa kubadilisha tu jina, hata kama Instagram imerahisisha hilo tangu 2016: mtandao unaona mkono ni mmoja, na siku ya uchovu utabandika pilau kwenye ukurasa wa talaka. Usijifuate mwenyewe. Usimfuate rafiki yako wa karibu, kwani marafiki wakijumlishwa wanatoa jibu.

Halafu kuna kitambaa cha meza. Chenye maua mekundu, kimefumwa kwa mkono, kinaonekana kwenye kila picha ya viungo. Kikionekana mara moja tu chini ya kikombe cha chai kwenye ukurasa wa usiku, wifi hahitaji namba. Maneno nayo ni kitambaa: mwaka 2013 Robert Galbraith, mwandishi wa riwaya za upelelezi, aligundulika kuwa J. K. Rowling, na sehemu ya ushahidi ilikuwa kompyuta iliyohesabu mazoea yake ya kuandika.

Niseme ukweli kuhusu kimo cha kuta hizi. Zinatosha kumzuia wifi, bosi, mwanafunzi mdadisi. Hazitoshi mbele ya amri ya mahakama, kwa kuwa laini imesajiliwa na kampuni inajua. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Tanzania ilipitisha yake 2022 ikaanza kutumika Mei 2023, na tume yake ya kulinda data inapokea malalamiko. Ila malalamiko huja baada ya wifi kuona.

Na ukurasa ulioonekana haujifichi tena kwa kubadilishiwa jina, maana namba bado ipo chini yake. Waage wasomaji, ufunge, uanze upya. Kabla ya kuandika neno la kwanza, mwombe mtu mmoja unayemwamini, mwenye namba yako ya siku zote, aruhusu mtandao usome simu yake. Usimwambie jina jipya. Subiri wiki mbili, kisha keti naye mpitie pamoja orodha ya watu anaopendekezewa, jina kwa jina.