Wastani haufuti kila kosa

Desemba 1831 meli ya Uingereza, HMS Beagle, iling'oa nanga Plymouth ikiwa na kronomita 22, yaani saa sahihi za baharini. Nahodha wake, Robert FitzRoy, alitumwa kupima, na longitudo hupimwa kwa muda. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa. Ukijua saa ya hapo ulipo kwa kutazama jua au nyota, na kronomita ikikutunzia saa ya bandari uliyotoka, umejua umekwenda mashariki au magharibi kiasi gani. Ukikosea sekunde nne tu, kwenye ikweta ramani inapotoka karibu kilomita mbili.

Wingi wa kronomita ulikuwa na maana. Moja ikienda mbio na nyingine ikichelewa, wastani wa zote mbili huukaribia ukweli zaidi. Makosa ya kubahatisha, yaani kelele, hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo: vipimo 4 huipunguza kwa nusu, 100 huifanya sehemu ya kumi. Kila tarakimu mpya ya uhakika hudai vipimo mara mia zaidi.

Lakini kanuni hiyo ina sharti: kosa la kipimo kimoja lisifungamane na la kingine. Beagle iliporudi mwaka 1836, FitzRoy alijumlisha tofauti za muda kutoka bandari hadi bandari kuizunguka dunia yote. Jumla ilipaswa kuwa saa 24 kamili. Ilizidi kwa takribani sekunde 33. Kronomita zake zilisafiri pamoja, katika joto lilelile na mtikisiko uleule. Chochote kilichozipotosha zote upande mmoja kilipita salama ndani ya wastani.

Vifaa vya kielektroniki havijaikwepa hali hii. Kihesabu chenye mapigo milioni 10 kwa sekunde huona hatua za nanosekunde 100. Tukio likilingana daima na mapigo hayo, kitatoa namba ileile hata ukipima mara milioni. Hapo kelele kidogo husaidia: kikisoma pengine 5, pengine 6, wastani hufichua sehemu iliyo katikati.

Mwaka 1966 Mmarekani David Allan alichapisha njia ya kupima uthabiti wa saa za atomiki kulingana na urefu wa muda wa wastani. Mchoro wake kwa kawaida hushuka, hulala, kisha hupanda, kwa kuwa saa yenyewe huyumba polepole. Kurefusha muda kupita hapo ni kuongeza kosa. Ndiyo maana muda wa kimataifa wa atomiki hutokana na mamia ya saa zilizo katika maabara za nchi nyingi, kila moja ikipewa uzito kwa kadiri mwendo wake unavyotabirika.

Mwanafunzi unayerudia jaribio maabarani, usirudie tu. Badili kifaa, badili mahali, mpe mwenzako naye apime. Ndipo wastani wako utakapostahili kuaminiwa.