Kurejesha Mkondo wa Damu Mguuni: Njia za Matibabu na Vigezo vya Uteuzi

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hii inasadifu hali ya watu wengi ambao huumwa na mguu kila watembeapo, wakayahesabu maumivu hayo kuwa mzigo wa uzee, hata wakafika hospitalini kidole kikiwa kimekwisha kuwa cheusi. Makala haya yananuia kufafanua njia zinazotumiwa kurejesha damu katika mguu ambao ateri zake zimeziba, na kubainisha ni kwa nini njia moja humfaa mgonjwa huyu na isimfae yule.

Chanzo na Dalili

Ateri ni mishipa inayoitoa damu moyoni na kuipeleka viungoni. Miaka inavyosonga, mafuta na chokaa huweza kujijenga katika kuta zake, njia ya damu ikawa nyembamba na hatimaye kuzibika. Sigara na kisukari ni miongoni mwa vichochezi vikuu, pamoja na shinikizo la juu la damu, kolesteroli nyingi na umri mkubwa.

Dalili ya awali ni maumivu ya shavu la mguu ambayo humshika mtu baada ya kutembea mwendo fulani na kumwachilia asimamapo kwa dakika chache. Istilahi ya kitabibu ya hali hii, klodikesheni, ina asili yake katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuchechemea. Ugonjwa ukikomaa, mgonjwa huumwa hata akiwa kitandani, hasa usiku. Vidonda vya wayo hukataa kupona na nyama huanza kufa.

Ili kuthibitisha ugonjwa, shinikizo la damu hupimwa kwenye kifundo cha mguu, kisha hugawanywa kwa lile la mkono. Matokeo ya 0.90 au chini yake huashiria kuwepo kwa kizuizi. Hata hivyo, kisukari huweza kuzifanya ateri kuwa ngumu na kukipotosha kipimo hiki. Hapo hupimwa shinikizo la kidole gumba cha mguu.

Matibabu Yasiyohitaji Kisu

Kwa mgonjwa ambaye huumwa atembeapo tu, tiba ya kwanza ni kutembea kwenyewe. Hutembea hadi maumivu yazidi, akapumzika, kisha akaendelea; kwa dakika 30 hadi 45, angalau mara 3 kwa wiki, kwa muda wa wiki 12 au zaidi. Zoezi hili haliondoi kizuizi, bali huifunza misuli kuitumia vyema damu kidogo inayoifikia. Aidha, sharti sigara iachwe. Aspirini au klopidogreli huzuia damu isigande, nazo statini hupunguza kolesteroli. Silostazoli huweza kumwongezea mgonjwa umbali wa kutembea, ila ni marufuku kwa mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi ipasavyo. Umuhimu wa dawa hizi hauishii mguuni, kwa kuwa ugonjwa uu huu huziba pia ateri za moyo na za ubongo.

Puto na Wavu

Tarehe 16 Januari 1964, mjini Portland nchini Marekani, mwanamke wa umri wa miaka 82 aliyekuwa na vidole vya mguu vilivyoanza kufa alikataa kukatwa mguu. Daktari Charles Dotter alipitisha mirija myembamba ndani ya ateri ya paja na kuipanua. Mguu ulipata joto, na mwanamke huyo akaishi zaidi ya miaka miwili akitembea kwa miguu yake. Mnamo 1974, Andreas Grüntzig alitumia mrija wenye puto mjini Zurich. Puto hupelekwa hadi penye kizuizi, likajazwa, njia ikapanuka. Pengine wavu mdogo wa chuma uitwao stenti huachwa hapo kuishikilia. Kwa kawaida sehemu husika tu hutiwa ganzi, na mgonjwa hurudi nyumbani mapema. Kasoro ya njia hii ni kwamba ateri huweza kusinyaa tena, hasa pale kizuizi kilipokuwa kirefu.

Mchepuko

Barabara ikifungwa, magari hupitia mchepuko. Ndivyo alivyofanya Jean Kunlin jijini Paris mwaka wa 1948: aliutumia mshipa wa vena wa mgonjwa mwenyewe kuivusha damu kutoka juu ya kizuizi hadi chini yake. Vena hiyo hudumu kuliko mrija wa kutengenezwa, hasa chini ya goti. Hata hivyo, huu ni upasuaji mkubwa unaohitaji moyo wenye nguvu. Kizuizi kilicho kinenani huweza pia kufunguliwa moja kwa moja na kukwanguliwa.

Je, puto au mchepuko? Utafiti wa BEST-CLI wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba wagonjwa mahututi wa mguu wenye vena nzuri walinufaika zaidi kwa kuanza na mchepuko. Kinyume chake, utafiti wa BASIL-2 wa mwaka wa 2023, uliohusu ateri za chini ya goti, uliwaona walioanza na puto wakiwa na nafuu zaidi. Basi uteuzi hutegemea mahali pa kizuizi, ubora wa vena na nguvu za mgonjwa.

Dharura

Damu iliyoganda huweza kuuziba mguu ghafla. Mguu huuma, hupauka, hupoa na kufa ganzi. Misuli huweza kuharibika kabisa katika saa 6 hivi. Kwa hiyo bonge hilo huondolewa kwa mrija au huyeyushwa kwa dawa bila kusubiri kesho.

Hitimisho

Ni kweli kwamba wakati mwingine kuukata mguu ndiko kuokoa uhai. Lakini kabla ya sahihi kutiwa, ni haki ya mgonjwa kuuliza: ateri zimepimwa? Je, damu yaweza kurejeshwa? Mzee asiyeelezwa jambo lolote ila neno "kukata" hana la kuchagua. Aliyeelezwa kwa lugha aielewayo kwamba lipo puto na upo mchepuko, ana la kuuliza. Mwanamke wa Portland alikataa, na kukataa kwake kukafungua njia.