Bakteria wa Kuchachusha Soya Wapimwe Jeni Kwanza

Mpanda hakuna haja ya kumfundisha mtu kuchachusha chakula. Togwa na maziwa mgando ni vya siku zote Katavi, na vina kinga yake: bakteria wa asidi ya laktiki huvitia ukali, togwa ikashuka hadi pH 4 hivi, na vimelea wengi wa kuharisha hawastahimili hapo.

Soya inaweza kwenda kinyume kabisa. Natto ya Japani huchachushwa na Bacillus subtilis, na jamaa zake hutumika kwenye dawadawa ya Afrika Magharibi. Bakteria hawa huvunja protini, amonia ikatoka, pH ikapanda kuelekea 8. Ile asidi inayotulinda kwenye togwa haipo tena. Usalama wa mlaji unabaki kwa bakteria mwenyewe, kwa hiyo lazima ajulikane vizuri.

Tatizo ni kwamba ana ndugu mbaya, Bacillus cereus. Wote wawili hutengeneza spora zinazostahimili maji yanayochemka. Cereus wengine hutoa cereulide, sumu ya kutapisha ambayo kupika hakuiondoi. Jeni zake hukaa kwenye plasmidi, kipande cha DNA kinachoweza kuhama. Ndiyo maana maabara husoma DNA yote ya bakteria, ikitafuta jeni za sumu na za usugu dhidi ya dawa. Usugu wa asili haututishi sana. Wa kuogopwa ni ule ulio kwenye plasmidi, kwani unaweza kuhamia kwa vimelea vya tumboni. Jeni ikionekana, bado bakteria hupimwa kama kweli anatoa sumu.

Tahadhari hii si ya kinadharia. Januari 2015, huko Chitima, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji. Uchunguzi ulikuta asidi ya bongkreki, sumu ya bakteria Burkholderia gladioli.

Kwa vikundi vya Katavi vinavyofikiria kuuza soya iliyochachushwa: msianzishe kwa mabaki ya jana wala kwa bakteria asiyejulikana. Daini kutoka kwa muuzaji jina kamili la aina yake na ripoti ya jeni zake, kisha mwone Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililokabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019, kabla ya kufungasha pakiti ya kwanza.