Ibridi, vumbi la Goma na bahasha ya mchimbaji

Mwezi uliopita mdogo mmoja tuliyechimba naye Masisi alikuja kwangu nyumbani, Ndosho, na bahasha ndani ya koti. Zamu yake ya likelemba ilikuwa imefika, akaongezea ile kidogo mama watoto alikuwa anaficha. Shimoni hataki tena kurudi, kifua kinamuuma. Akaniambia: « Yaya, nimeona gari ya kufanya taxi. Iko Toyota Aqua, ibridi. Wanasema haikule mafuta. Unasema aje? »

Sikumjibu siku ile. Mimi ni mtu wa sendika, si fundi. Nilizunguka kwa mafundi watatu, nikasoma kile nilipata kusoma, na nikaona niandike hapa, sababu bahasha kama ile ziko nyingi katika manyumba yetu.

Kwanza tuondoe kosa moja nalolisikia kila siku pale Birere. Watu wanauliza: « Nitaichomeka wapi, na kuriani inakatika kila mara? » Ibridi hizi zinazotoka Japani, Prius na Aqua, karibu zote hazichomekwi popote. Unatia esansi kama gari ingine yoyote. Ziko ibridi za kuchomeka, lakini si hizo tunazoona sana. Hii ni faida kubwa kwetu, sababu gari ya umeme mtupu inangojea kuriani, na ibridi hainngojei mtu.

Sasa inafanya kazi namna gani? Kila mtoto wa Goma anajua chukudu. Unatoka Kibumba na magunia ya viazi, unashuka bila kusukuma, na ile nguvu yote ya mteremko unaimaliza kwa freni: unakanyaga kile kipande cha pinee nyuma mpaka kinanuka. Nguvu imekuwa moto, imepotea. Siku ya kurudi unapanda na kifua chako.

Fikiri chukudu inayokamata ile nguvu ya kushuka, inaiweka ndani ya gunia, halafu inakusukuma nayo wakati wa kupanda. Ibridi ni hiyo. Ndani mna moteri ya esansi, na pembeni moteri ya umeme. Ukikanyaga freni, moteri ya umeme inageuka kuwa jenereta, inarudisha kuriani kwenye batri. Ukiondoka tena, batri ndiyo inasukuma kwanza. Ukisimama kwenye foleni, moteri ya esansi inazima yenyewe. Unasikia kimya, abiria anadhani gari imekufa. Kompyuta ndiyo inaamua nani afanye kazi, saa gani. Toyota walianza kuuza Prius kule Japani mwezi wa 12 mwaka 1997, na Aqua mwezi wa 12 mwaka 2011. Kwa hiyo si kitu cha majaribio, kimeshazunguka dunia.

Mafuta inapunguza kweli, lakini angalia wapi. Karatasi ya Japani ilisema Aqua ya kwanza inatembea zaidi ya kilomita 35 na litre moja. Usiamini ile karatasi, ilipimwa ndani ya chumba, si kati ya Katindo na Majengo na watu sita ndani. Hata hivyo mjini, pale unasimama na kuondoka kila dakika, ndipo ibridi inashinda gari ya kawaida vibaya sana. Mtu wa taxi ataona tofauti jioni akihesabu. Freni nazo zinadumu, sababu moteri ya umeme inafanya nusu ya kazi yao. Tena haina demareri wala alternateri ya kuharibika, zile moteri za umeme zinafanya kazi hizo pia.

Lakini mtu mwenye kufikiri kuipeleka Masisi kubeba watu wa karieri, hapana. Kwenye mlima mrefu batri inakwisha baada ya muda mfupi, unabaki na moteri ndogo ya esansi inayobeba gari, watu, na batri yenyewe juu. Na tumbo la Aqua liko karibu sentimeta 14 tu kutoka chini. Mawe ya volkano yatalila kabla ya wiki.

Sasa tufike kwenye batri, sababu hapo ndipo bahasha inakufa.

Batri kubwa ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma. Ni vipande 20, kila kimoja volti 7.2, vimefungwa kwa mstari mpaka vinafikia volti 144. Nyinyi wa shimoni mtaelewa haraka. Wakati tunatoa mifuko kwenye galeri, tunapanga mstari, huyu anapokea anampa huyu. Mmoja akichoka, mstari wote unasimama, hata kama wengine 19 wana nguvu. Batri ni hivyo. Kipande kimoja kikizeeka, taa nyekundu inawaka na gari inakataa. Fundi atakuambia abadilishe kile kimoja tu, kwa bei nzuri. Utatembea mwezi, miezi, halafu kipande cha pili kinaanguka, kisha cha tatu, sababu vyote vilizaliwa siku moja.

Kule Marekani, miaka ile, Toyota walikuwa wanatoa garanti ya miaka 8 au kilomita 160.000 kwa batri. Fanya hesabu mwenyewe: gari ya mwaka 2012 ikifika Goma imeshavuka zamani. Haimaanishi imekufa, ziko zinazopita miaka 12. Inamaanisha hatari yote sasa ni yako, si ya kiwanda.

Tena kuna vumbi. Hiki fundi wa kwanza alinionyesha kwa kidole, na kusema kweli sikujua. Batri inapata joto, kwa hiyo kuna feni ndogo inayovuta hewa kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Hapa kwetu hewa hiyo ina vumbi jeusi la lava. Feni inajaa, batri inapikika polepole. Na taxi ya Goma mnaijua: mama anapanda na karai, anaweka mfuko wa unga palepale juu ya tundu. Kusafisha ile feni si kazi ya pesa nyingi. Ni kwamba hakuna mtu anayemwambia mwenye gari.

Kingine ni tabia yetu ya kununua litre moja kwa kadhafi na kutembea mpaka tone la mwisho. Gari ya kawaida ikiishiwa, unatia esansi, unawasha, unaenda. Ibridi ikiishiwa na wewe unaendelea kuilazimisha na umeme, unamaliza batri kubwa, na ile batri ndiyo inayowasha moteri ya esansi. Utaleta kidumu, na gari haitawaka. Lakini usikimbilie kusema batri kubwa imekufa kila gari ikikataa: mna pia batri ndogo ya volti 12, kama ya gari zote, na ikichoka ibridi haiamki. Nimesikia mtu aliyeuziwa batri kubwa nzima, kumbe ugonjwa ulikuwa kwa ile ndogo.

Kwa vijana wanaojifunza garaji: zile kamba za rangi ya orange msiziguse kabisa kama hamjafundishwa. Ndani ya Aqua umeme unaweza kupandishwa mpaka volti 520, na nyumbani kwetu ile ya 220 imeshaua watu. Hata baada ya kutoa kizibo cha usalama, Toyota wanaagiza kungoja dakika 10 kabla ya kugusa.

Kuna swali moja ambalo wenzangu wa karieri wananiuliza kwenye mikutano: hizi gari zitapandisha bei yetu? Mle ndani tumo, ni kweli. Kuna bati la kasiteriti kwenye kila soda ya kompyuta yake, na tantali ya koltani kwenye vifaa vidogo vya kuweka chaji. Kobalti kidogo iko ndani ya batri, ile ya ndugu zetu wa Kolwezi. Lakini batri ya Aqua haifiki hata kilowati-saa moja, na Leaf ya kwanza, gari ya umeme mtupu ya Nissan, ilikuwa na 24. Ni kama batri 25 za Aqua ndani ya gari moja. Kwa hiyo negosian akikuambia shikilia mfuko wako sababu ibridi zinakuja, muulize maswali mengine. Bei yetu inavunjwa karibu zaidi, kwenye mizani na kwenye teneri, na hapo sendika iko na kazi.

Na ile batri ikikufa? Inalala nyuma ya garaji, watoto wanacheza juu yake. Madini yalitoka kwetu kwa mgongo, yanarudi kwetu kama takataka, na hakuna anayeyapima kwa kilo.

Tulienda kuona ile Aqua na mdogo wangu, na fundi mmoja tukamlipa. Mwenye kuuza alikuwa mtu wa maneno mazuri. Fundi akafungua kifuniko cha tundu la hewa, akatoa vumbi gumu kama blanketi. Akachomeka kile kifaa chake kidogo cha kusoma kompyuta ya gari, tukatembea nayo mpaka Sake na kurudi, akiangalia volti za vile vipande. Vitatu vilikuwa vinashuka kila tukipanda. Mwenye gari akapunguza bei palepale, kabla hatujasema neno.

Mdogo wangu aliniangalia. Nikamwambia pesa ni yake. Akafunga koti, bahasha ikabaki ndani. Jumapili tunaenda Himbi kuona ingine, ya mwaka 2015. Fundi amesema ataanza na feni.