Mabawa ya Ndege wa Upare

Mtu akisimama mjini Same mnamo saa nne za asubuhi, jua likiwa limekwisha kupanda, akaelekeza macho upande wa Mkomazi, huenda akawaona tumbusi wakizunguka juu sana pasipo kupiga mabawa. Qurani Tukufu, katika Sura al-Mulk, imetuelekeza kuwatazama ndege angani. Basi na tuwatazame kwa macho na kwa akili pia, tujiulize: ni kitu gani kimzuiacho kuanguka kiumbe mwenye uzito wa kilo 5 na zaidi?

Jibu limo katika hewa. Hewa, ingawa haionekani, ina uzito na ina nguvu. Chukua ungo, simama penye upepo mkali, kisha uinue kidogo ukingo uelekeao upepo. Utausikia ungo ukitaka kupaa mikononi mwako. Ungo umeugeuza upepo kwenda chini, na upepo nao umeusukuma ungo kwenda juu. Hiyo ndiyo kanuni aliyoitangaza Isaac Newton mwaka 1687, ya kuwa kila msukumo hujibiwa na msukumo ulio sawa nao. Lakini ukiuinua ukingo mno, upepo hauuinui tena ungo, bali huurudisha nyuma tu.

Bawa la ndege hufanya kazi hiyo kwa ustadi zaidi, kwa kuwa mgongo wake umebinuka. Hewa ipitayo juu ya mgongo huo huenda mbio kuliko ile ya chini, na mgandamizo wake hupungua. Hewa ya chini, yenye mgandamizo mkubwa zaidi, huliinua bawa. Wengi wamefundishwa kuwa hewa ya juu hukimbia ili ikutane na mwenzake wa chini mwishoni mwa bawa kwa wakati mmoja. Jambo hilo si kweli: vipimo vimeonyesha kuwa hewa ya juu hutangulia kufika.

Ukubwa nao una hesabu yake. Eneo la bawa likiwa maradufu, nguvu ya kuinua huwa maradufu. Mwendo ukiwa maradufu, nguvu huwa mara 4. Lakini ndege akiwa na urefu maradufu ya mwenziwe wa umbo lile lile, eneo la mabawa yake huwa mara 4, na uzito wake mara 8. Kwa hiyo, kadiri ndege azidivyo ukubwa ndivyo kuruka kunavyomwia kugumu. Tandawala mkubwa wa nyikani hupendelea kutembea, na mbuni hawezi kuruka kabisa.

Tumbusi ameepukaje taabu hiyo? Mabawa yake ni mapana, na toka ncha hata ncha hupita mita 2. Kwenye ncha ya kila bawa hewa ya chini hukimbilia juu, ikafanya kizunguzungu ambacho hupoteza nguvu. Manyoya ya ncha za tumbusi yameachana kama vidole, nayo hupunguza hasara hiyo. Eropleni nyingi za abiria siku hizi zina ncha za mabawa zilizokunjwa juu kwa sababu iyo hiyo.

Tena tumbusi hutumia nguvu isiyo yake. Jua likiipasha moto ardhi ya nyika, hewa ya moto hupanda, naye huzunguka ndani yake akainuliwa bure. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtaalamu Colin Pennycuick wa Uingereza aliwafuata tumbusi wa Serengeti kwa eropleni ndogo iwezayo kuelea injini ikiwa imezimwa, akajifunza namna wanavyopita kutoka mkondo mmoja wa hewa hadi mwingine.

Sasa tupande milimani, katika msitu wa Chome, chini ya kilele cha Shengena chenye mita 2,462. Humo yumo kinengenenge wa Upare Kusini, ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Mabawa yake mafupi yamfaa kwa kupenya kati ya matawi. Duniani kote hapatikani ila katika milima hii, nayo nyika kavu imeizunguka. Msitu huu ukifyekwa, hana kwingine kwa kwenda.

Wala tumbusi hayuko salama kwa sababu ya upana wa bawa lake. Mwaka 2015 tumbusi mgongo-mweupe na yule wa Rüppell waliingizwa katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani. Sababu moja kubwa ni sumu itiwayo katika mizoga. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe humtegea simba, nao tumbusi huteremka kwa makundi wakala, wakafa pamoja. Bawa bora halimwokoi aliyekwisha kula sumu.

Enyi wazazi na vijana, zizi imara la usiku humlinda ng'ombe pasipo kumwua asiye na kosa. Na tumbusi, kwa kula mizoga, hutusafishia nyika bila ujira. Tumwachie anga lake, na kinengenenge tumwachie msitu wake.