Ndoo Moja Haitoshi

Mwanafunzi akirukiwa na asidi jichoni, jicho lile linatakiwa kuoshwa kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 mfululizo. Vifaa maalumu vya kuoshea macho hutoa angalau lita moja na nusu kwa dakika. Piga hesabu utapata lita 22 na nusu, kwa mtoto mmoja tu. Ndoo tuliyoizoea ni ya lita 20.

Naanza na ndoo kwa sababu ya mahali penyewe. Usinge ni kata ya Wilaya ya Kaliua, mkoani Tabora, kwenye Reli ya Kati ukielekea Kigoma. Kiangazi chake hushika Juni kisiachie mpaka Oktoba inakwisha. Maabara yenye sinki la kung'aa na bomba lisilotoa maji, mimi naihesabu kuwa haina sinki. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza shule za sekondari za kata ziwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia, na wananchi wakachanga wakajenga. Lakini kuta hazimwoshi mtu macho. Kabla mwalimu hajafungua chupa ya kwanza, madumu mawili yaliyojaa yawe yameshawekwa mlangoni, pamoja na kata ya kumiminia. Pasipo na maji hayo, somo la vitendo la asidi lisubiri.

Jambo la pili ni umbali. Njia ya misafara kutoka Unyanyembe kwenda Ujiji ilikatisha nchi hii ya miombo, na wapagazi wa Kinyamwezi waliipita na vitambaa, shanga na waya begani. Siku hizi mzigo unakuja kwa treni au kwa lori. Kutoka Dar es Salaam mpaka Tabora mjini tu ni kilomita 840 za reli, na Usinge bado iko mbele. Basi mkuu wa shule anawaza kama ambavyo yeyote angewaza: safari ni moja, tuagize za kutosha kabisa. Tena Baraza la Mitihani hutoa maelekezo ya kuandaa mtihani wa vitendo siku zikiwa zimekaribia, kwa hiyo shule inanunua kila kitu kwa kubahatisha. Stoo inajaa. Kwa maoni yangu, hatari kubwa ya maabara ya shule huanzia hapo, kwenye karatasi ya manunuzi, kabla mwanafunzi yeyote hajashika bureti.

Tuangalie kinachohitajika hasa. Darasa la wanafunzi 60, kila mmoja apewe mililita 100 za asidi ya haidrokloriki ya molari 0.1 kwa ajili ya kutaitreti. Jumla ni lita 6. Asidi kali ya dukani ina takriban molari 12, kwa hiyo kuandaa lita hizo kunatumia mililita 50, kama kikombe kimoja cha kahawa ya kijiweni. Chupa ya lita mbili na nusu inatosha vipindi 50 vya namna hiyo. Asidi ya salfuriki hutumika kidogo zaidi: lita 6 za molari 0.05 hula mililita 16 au 17 za asidi kali. Shule yenye chupa nne za salfuriki stoo imejiwekea akiba ya kizazi kizima, na kila mwaka vifuniko vinazidi kuliwa.

Hiyo kazi ya kuzimua aifanye mwalimu au fundi wa maabara peke yake, wanafunzi wakiwa nje. Maji hutangulia, asidi hufuata kidogo kidogo huku akikoroga. Ukigeuza ukamimina maji juu ya salfuriki kali, maji ni mepesi, yatakaa juu. Joto linalozuka pale yanapokutana huyachemsha papo hapo, nayo yakiruka hubeba asidi mpaka usoni. Na pipeti isivutwe kwa mdomo. Wengi wetu tulifundishwa kuivuta hivyo, na wengi wetu tunaikumbuka ladha yake.

Stoo nayo ina tabia zake. Ingia ukatazame shingo za chupa. Ukikuta ungaunga mweupe kama chumvi, na bawaba za kabati zimeota kutu, mara nyingi ni kwamba haidrokloriki na amonia zimewekwa pamoja: mivuke yao inapenya vifuniko, inakutana hewani na kuwa amonia kloridi. Amonia kali ya asilimia 35 huchemka kabla ya nyuzijoto 30, na Oktoba ya Tabora chini ya bati inapita hapo bila shida. Anayeifungua mchana ameinama juu yake itamrukia. Iwekwe chini sakafuni kwenye kivuli, ifunguliwe asubuhi, chupa ikiwa imesimama kwenye beseni la maji ya baridi.

Kupanga chupa kwa alfabeti kunapendeza macho ya mkaguzi, ila herufi hazijui kemia. Pamanganeti ya potasiamu inaweza kuangukia jirani ya propanoli, kioksidishaji ubavuni mwa kitu kinachowaka. Kemikali zipangwe kwa tabia: asidi rafu ya chini, vinavyowaka mbali nazo, vioksidishaji peke yao. Alama za almasi zenye ukingo mwekundu kwenye lebo zinasaidia kazi hiyo hata kwa asiyekumbuka majina.

Asidi ikimwagika sakafuni, mchanga uizuie isitambae, kisha majivu au magadi kidogo kidogo mpaka povu liishe. Majivu hayakosekani Usinge. Lakini yasipakwe kwenye ngozi ya mtu: kuvunja asidi kunazalisha joto juu ya kidonda. Ngozi ni maji tu, mengi. Mabaki ya risasi na bariamu yasimwagwe shimoni karibu na kisima, kwa kuwa metali haiozi. Dawa yake ni kutumia matone badala ya mililita, na mashapo yanayobaki yakusanywe kwenye mtungi wenye lebo.

Lebo ndiyo inayonipa wasiwasi kuliko vyote. Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, iliyo chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, haikutungwa kwa ajili ya viwanda vya mjini peke yake; lebo za stoo ya shule nazo zinaihusu. Mwalimu wa kemia anapohamishwa, anaondoka na ramani ya stoo kichwani. Anayempokea anakuta chupa ya maji ya kunywa yenye kimiminika kisicho na rangi wala jina. Huenda ni maji, au asidi iliyozimuliwa, au magadi ya moto, au spiriti. Kwa macho vyote ni kimoja. Litimasi itamwambia kama ni asidi au besi, haitamwambia ni ipi wala kali kiasi gani. Hawezi kuitumia, hapaswi kuinusa, na wa kuja kuichukua hayuko karibu. Ataifunga vizuri, ataandika juu yake "haijulikani" na tarehe ya siku hiyo, ataisogeza rafu ya chini, kisha aanze kuandika daftari la makabidhiano ambalo yeye hakupewa.