WANA WATANO WA TUMBO MOJA
Kugombea kiti cha ufalme katika nasaba ya Sui, Uchina, 581–618

Sogeeni karibu, na mwenye kitabu akifungue penye somo hili. Leo tunakwenda mbali, mpaka nchi ya Uchina, miaka 1,400 na zaidi iliyopita. Tutasoma habari za ukoo wa wafalme ulioitwa Sui. Ukoo huo uliiunganisha nchi kubwa mno, ukajaza ghala za nafaka, nao ukatawala miaka 37 tu. Kwa nini ulianguka upesi hivyo? Sababu ni nyingi, lakini leo tutaitazama moja: namna walivyorithishana kiti.

Kwanza, neno moja juu ya majina. Wachina hutanguliza jina la ukoo, ndipo hufuata jina la mtu mwenyewe. Basi mkisikia Yang Jian, Yang Yong au Yang Guang, jueni kwamba Yang ni ukoo. Mshike lile jina la pili, msije mkapotea njiani.

Baba apata kiti

Kwa muda wa zaidi ya miaka 250 Uchina iligawanyika, kaskazini na kusini. Yang Jian alikuwa mkubwa katika ufalme wa kaskazini ulioitwa Zhou, na binti yake aliolewa na mfalme wa huko. Mfalme huyo alipokufa mwaka 580, kiti alikuwa nacho mtoto mdogo, na Yang Jian akawa msimamizi wake. Mwaka 581 msimamizi akamwondoa mtoto, akakaa mwenyewe. Mwaka uleule mtoto akauawa. Mwaka 589 majeshi ya Yang Jian yakaushinda ufalme wa kusini, na Uchina ikawa nchi moja tena.

Yang Jian alikuwa mtawala mwenye bidii. Alipunguza ukali wa sheria, akachukia anasa, akaweka akiba ya chakula. Mkewe, bibi Dugu, alikuwa mwenye akili, na mume alimsikiliza sana. Tangu walipooana Yang Jian alimwapia kwamba hatazaa na mwanamke mwingine. Wakapata wana watano: Yong, Guang, Jun, Xiu na Liang.

Mfalme alijivunia jambo hilo. Aliwaambia wakubwa wake kwamba wafalme wa zamani walikuwa na masuria wengi, na watoto wa mama mbalimbali wakagombana. Wake yeye walitoka tumbo moja. Basi ugomvi ungetoka wapi? Ndugu, yashikeni maneno hayo, maana tutayarudia.

Mwana wa kwanza na wa pili

Yang Yong, mwana wa kwanza, alitajwa kuwa mrithi tangu mwaka 581. Hakuwa mtu mbaya, lakini hakujua kuficha mambo yake. Alipenda vitu vizuri. Siku moja baba aliona deraya yake imetiwa mapambo, akamkemea. Siku nyingine wakubwa wa serikali walikwenda kumwamkia kwa ngoma na zumari, na baba akaanza kuingiwa na wasiwasi: je, kijana huyu hawezi kungoja? Tena Yong alimpenda suria wake kuliko mke aliyechaguliwa na wazazi. Mke huyo alipokufa ghafula mwaka 591, mama yake Yong alishuku kwamba ametiliwa sumu. Tangu hapo moyo wa mama ukamtoka mwanawe.

Yang Guang, mwana wa pili, aliyatazama hayo yote kwa makini. Vitabu vya zamani vinasimulia kwamba wazazi walipokuja kumtembelea, aliwaficha wanawake wazuri na kuwaacha watumishi wazee, wamevaa nguo za kawaida. Mazeze yalikuwa yamekatika nyuzi na kushika vumbi, ili baba aseme, "Huyu hapendi anasa." Kila mjumbe wa mama alipokelewa kwa heshima na zawadi. Kisha Guang akamvuta upande wake Yang Su, waziri mwenye nguvu, naye akamsema Yong vibaya kila siku.

Mwaka 600 Yang Yong akavuliwa urithi. Guang akawekwa mahali pake, na tena Yong akakabidhiwa kwake alindwe. Yasemekana Yong alipanda juu ya mti akapiga kelele kuelekea jumba la baba, apate kusikiwa. Yang Su akamwambia mfalme kwamba mtoto amepatwa na wazimu.

Wote watano

Sasa tuwahesabu. Jun, wa tatu, alitiliwa sumu na mkewe katika tikiti, akaugua, akavuliwa kazi, akafa mwaka 600. Xiu, wa nne, alitawala Shu upande wa magharibi. Mwaka 602 walizuliwa sanamu ndogo za uchawi zilizofukiwa ardhini, akasingiziwa kuwa ni zake, akavuliwa cheo na kufungwa. Mwaka huohuo mama yao akafariki.

Baba akafa mwaka 604. Vitabu vinasema kwamba katika siku za mwisho alitaka kumrudisha Yong, lakini hakuwahi. Wako wanaosema kwamba Guang alimwua baba yake; wataalamu hawajakubaliana juu ya hilo. Linalojulikana ni kwamba Yong aliuawa mara moja kwa amri ya uwongo iliyotolewa kwa jina la marehemu baba. Liang, wa mwisho, aliyekuwa na jeshi kubwa huko Taiyuan, akaasi. Yang Su akamshinda, naye akafia kifungoni.

Basi Guang akabaki juu ya kiti. Alijenga mji wa Luoyang, akachimba mifereji mirefu ya kuunganisha kaskazini na kusini, kazi iliyowachosha watu wengi sana. Mwaka 612, 613 na 614 akapeleka majeshi kupigana na ufalme wa Goguryeo upande wa Korea, wala hakuushinda. Watu wakaasi kila mahali. Miongoni mwa walioasi mwaka 613 alikuwamo mwana wa Yang Su, yule waziri aliyemsaidia kupata kiti.

Na urithi je? Mwana wake wa kwanza alikufa mwaka 606, naye hakumtaja mrithi mwingine. Mwana wa pili alikuwapo, lakini baba alimshuku. Mwaka 618, mjini Jiangdu, askari wa ulinzi waliasi. Inasimuliwa kwamba mfalme aliposikia kelele alidhani ni mwanawe anayemjia. Na mwana, askari walipomkamata, alidhani wametumwa na baba. Wakauawa siku moja, kila mmoja akimdhania mwenzake. Xiu naye akauawa wakati huohuo.

Vijana watatu wa ukoo huo waliwekwa juu ya kiti na wakubwa mbalimbali, katika miji mitatu. Mpaka mwisho wa mwaka 619 wote watatu walikuwa wamekwisha kufa. Nchi ikachukuliwa na nasaba ya Tang.

Tunajifunza nini?

Methali yetu yasema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kikapu ukavune. Ndugu wa kijijini hupatana kwa sababu kila mmoja aweza kupata shamba lake. Kiti cha mfalme ni kimoja, hakigawanyiki. Yang Jian aliutegemea udugu peke yake. Hakuona kwamba kama mrithi aweza kuondolewa kwa maneno ya chumbani, kila ndugu atajifunza kusema maneno hayo. Mwaka 626 hata ukoo wa Tang uliona jambo hilo: Li Shimin aliwaua ndugu zake wawili, nao walikuwa wa tumbo moja naye.

Tena kumbukeni jambo la pili. Kitabu kikubwa cha habari za wafalme wa Sui kilitungwa chini ya Tang, na sehemu yake kubwa ikamalizika mwaka 636. Mshindi hana haraka ya kumsifu aliyeshindwa. Kwa hiyo, ninyi mnaojua sasa kusoma, kila mkisoma kitabu ulizeni pia: nani ameandika, na kwa faida ya nani?

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini Yang Jian aliamini kwamba wanawe hawatagombana?
2. Yang Guang aliwadanganya wazazi wake kwa njia gani?
3. Baba na mwana walidhaniana nini mwaka 618? Unafikiri hofu hiyo ilianzia wapi?
4. Mzee akitaka kurithisha mali bila kuleta ugomvi, afanye nini angali hai?

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo.